Nyerere aliikataa mikataba ya mkoloni, akailinda mipaka ya mkoloni. Je, alijipinga?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Kila unapozuka mvutano wa Mto Nile au wa Ziwa Nyasa, humu ndani tunagawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanasema mikataba ya wakoloni haituhusu. Wa pili wanasema sheria ni sheria, ukiivunja leo kesho itavunjwa juu yako. Wasomi wa sheria ya kimataifa nao wamegawanyika hivyohivyo, ila wao wana vitabu vinene.

Upande mmoja wako wanazuoni wanaojulikana kwa jina la TWAIL, yaani wanaoitazama sheria ya kimataifa kwa jicho la Dunia ya Tatu. Antony Anghie, mwenye asili ya Sri Lanka, anasema dhana yenyewe ya dola huru haikuzaliwa Ulaya ikakamilika ndipo ikaletwa kwetu. Ilifinyangwa palepale Mzungu alipokuwa akitafuta sababu za kuwatawala wengine. B. S. Chimni wa India na Makau Mutua wa Kenya wanakwenda njia hiyo, kila mmoja kwa namna yake. Upande mwingine wako akina Jack Goldsmith na Eric Posner wa Marekani, wanaosema mataifa hufuata sheria ya kimataifa pale tu inapoyafaa. Halafu yuko Martti Koskenniemi wa Finland, ambaye ameonyesha kwamba hoja za fani hii huyumba daima: ukikaa karibu na matendo ya mataifa unaishia kuwatetea wenye nguvu, ukikaa karibu na haki unaishia kuota.

Ninacholeta leo ni hiki. Mtu wa kwetu aliingia katika mjadala huu mwaka 1961, akiwa na nchi ya kuendesha, na jibu lake haliko upande wowote kati ya hizo. Naona tunalipita haraka mno. Vitabu vya sheria duniani vinaliita kwa jina la Nyerere, na sisi tunalitaja kama tukio la historia tu wakati ni nadharia kamili.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Nyerere alitoa tamko bungeni. Uingereza ilikuwa na mtindo wake: koloni likikaribia uhuru au likishaupata, linabadilishana barua na London na kukubali kubeba mikataba yote iliyofungwa kwa niaba yake. Ghana ilifanya hivyo 1957, Nigeria 1960. Tanganyika ikakataa. Badala yake ikamwarifu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya pande mbili itaendelea kutekelezwa kwa miaka miwili, hadi tarehe 8 Desemba 1963. Ndani ya muda huo itakaa na kila mhusika ijulikane upi unabaki, upi unarekebishwa, upi unaachwa. Muda ukiisha, mkataba usioweza kusimama wenyewe kwa nguvu ya sheria ya kimila ya kimataifa (desturi za mataifa zinazokubalika kuwa sheria hata bila saini) utahesabiwa umekufa. Ile ya pande nyingi ingeangaliwa mmoja mmoja.

Tazameni werevu ulioko hapo. Wakati ule wanasheria walikuwa na majibu mawili tu: dola jipya linarithi kila kitu, au halirithi chochote. La kwanza linaifanya bendera iwe kitambaa. La pili linaiacha nchi changa bila posta, bila mkataba wa anga, bila utaratibu wa kurudishiana wahalifu. Nyerere akaja na la tatu: nipe muda, nikague. Uganda na Kenya zikafuata, Botswana na Lesotho zikafuata. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Kimataifa ilipoandaa kanuni za urithi wa madola chini ya Humphrey Waldock, tamko la Tanganyika lilikuwa miongoni mwa mifano mikubwa iliyojadiliwa. Mkataba wa Vienna wa 1978, ibara ya 16, unasema dola lililotoka katika ukoloni halifungwi na mikataba ya mtawala wake.

Na haikubaki kwenye makaratasi. Mwaka 1921 Uingereza iliikodisha Ubelgiji viwanja vya bandari Dar es Salaam na Kigoma, vile vilivyokuja kuitwa Belbase, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake milele. Hoja ya Tanganyika ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuipangua: Uingereza ilikuwa hapa kwa dhamana, kwanza ya Shirikisho la Mataifa kisha ya Umoja wa Mataifa. Mwenye dhamana ya muda atampaje mtu mwingine ardhi ya milele? Kisha, tarehe 4 Julai 1962, ikaziandikia Misri, Sudan na Uingereza kwamba makubaliano ya maji ya Nile ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Makubaliano yale yalitaka Misri ikubali kwanza kabla ya kujengwa kitu chochote cha umwagiliaji au umeme kwenye mto na maziwa yake kitakachopunguza maji. Misri ikajibu kwamba bado yanatumika.

Sasa njoo Cairo, Julai 1964. Wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika wanapitisha azimio kwamba kila mwanachama ataheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Msukumaji wake ni Nyerere huyohuyo. Somalia na Morocco zikalikataa.

Hapo ndipo wengi wanaposema alijipinga, maana mpaka nao ni mkataba. Mpaka wa Tanganyika na Kenya umetoka mezani kwa Waingereza na Wajerumani, sawa na Belbase ilivyotoka mezani kwa Waingereza na Wabelgiji. Mimi nasema hakujipinga. Mrithi wa shamba huwakuta wadai wa marehemu na huyakuta mawe ya mpaka, na hayo ni mambo mawili. Mdai unaweza kumwita ukakagua hesabu. Jiwe la mpaka ukiling'oa usiku, anayeamka na panga ni jirani yako, naye pia ni mrithi, hana kosa. Kipimo cha Nyerere, kwa ninavyomsoma, kilikuwa hiki: tukiuvunja urithi huu, nani ataumia? Belbase ikifa, anayepungukiwa ni aliyenufaika na ukoloni. Mpaka ukifa, wanaozikwa ni Waafrika. Mkataba wa 1978 umebeba nusu zote mbili, kwani ibara ya 11 inasema urithi wa madola haugusi mipaka.

Karibuni mnipinge.

Wakili Mchanga

Mkuu, nimekusoma mwanzo hadi mwisho na nimejifunza. Lakini kipimo chako cha "nani ataumia" kinavunjika palepale kwenye Nile. Ukiyafuta makubaliano ya 1929 anayeumia si London, ni mkulima wa Misri, na Misri ni Afrika. Kwa hiyo Nyerere mwenyewe hakukifuata.

La pili ni zito zaidi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya Hungary na Slovakia ya mwaka 1997 kuhusu mabwawa ya mto Danube, ilisema ibara ya 12 ya Mkataba wa Vienna wa 1978 ni sheria ya kimila. Ibara hiyo inasema mikataba inayoshikamana na ardhi haifi kwa urithi wa dola, na Mahakama ikakumbusha kwamba mikataba ya maji na ya usafiri wa mtoni huhesabiwa katika kundi hilo. Wanasheria wa Misri wanaipenda sana hukumu hii. Na kumbuka tamko la Nyerere lenyewe liliacha mlango wazi kwa mikataba inayosimama kwa sheria ya kimila. Misri inaingia kwa mlango huohuo.

Mleta mada

Wakili, hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri, maana wengi hawafiki hapo.

Kwenye Danube kila upande ulikuwa na wajibu na kila upande ulikuwa na faida. Hungary na Czechoslovakia, ambayo Slovakia ilitoka ndani yake, zilikaa mwaka 1977 zikatia saini zikiwa huru. Soma 1929 utafute faida ya Tanganyika. Haipo hata moja. Haikupewa maji, haikupewa fidia, haikuulizwa. Ukiita hilo "mkataba unaoshikamana na ardhi", basi kila zuio ambalo mkoloni alimwekea mtu wa chini litageuka kuwa sehemu ya jiografia. Na ibara ya 13 ya mkataba uleule wa 1978 inasema hakuna kitu ndani yake kitakachogusa kanuni ya kila taifa kuwa na mamlaka ya kudumu juu ya maliasili zake. Watu wanasoma 12 wanafunga kitabu.

Kuhusu mkulima wa Misri uko sahihi kabisa, naye simchukulii kama adui. Ndiyo maana kukataa 1929 hakukuwa na maana ya kusema "tutachota tunavyotaka". Miaka mitatu kabla ya barua zile za 1962, yaani mwaka 1959, Misri na Sudan ziligawana wastani wa maji ya mto, Misri mita za ujazo bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5, huku bilioni 10 zikihesabiwa za mvuke. Jumla bilioni 84, nchi za juu hazikutajiwa hata ndoo. Jibu la nchi za juu limekuja kwa njia ya mkataba mpya: Entebbe, tarehe 14 Mei 2010, Ethiopia, Uganda, Rwanda na Tanzania zikatia saini, Kenya siku chache baadaye, Burundi 2011. Ulihitaji nchi sita ziuridhie. Sudan Kusini ilipojiunga mwaka 2024 idadi ikatimia, na tarehe 13 Oktoba 2024 ukaanza kutumika. Misri na Sudan bado ziko nje. Shida kubwa ni ibara moja ndogo ya usalama wa maji: nchi za juu zinataka iandikwe kwamba hakuna atakayeathiri sana usalama wa maji wa mwenzake, Misri inataka yatajwe na matumizi yake ya sasa na haki zake. Yaani ugomvi wa 1962 haujaisha hata kidogo, umebadilisha chumba tu.

Mwambao

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu, umeandika vizuri, lakini hapo kwenye mipaka umekuwa mpole mno kwa wakubwa.

Sisi wa pwani tuna mfano wetu. Ule ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiuendesha kwa mkataba wa 1895. Oktoba 1963 kule London ukatiwa saini mkataba wa kuuunganisha na Kenya, na Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakabadilishana barua za kuahidi mambo ya Mahakama ya Kadhi, ardhi na dini. Walikuwako watu wengi waliotaka Mwambao ujitawale. Hawakupigiwa kura. Sisemi leo tuvunje Kenya, mimi ni Mkenya na sina nchi nyingine. Nasema huo "mpaka wa siku ya uhuru" ulifanywa miezi miwili tu kabla ya uhuru, juu ya vichwa vya watu.

Ndiyo maana Makau Mutua aliandika katikati ya miaka ya 1990 kwamba dola la kikoloni halikuwa na uhalali tangu mwanzo, na kulirithi kwa mipaka yake ni kurithi maradhi. Wewe unauliza nani ataumia tukiung'oa mpaka. Nami nauliza nani anaumia ukibaki. Wasomali waligawanywa sehemu tano. Hao je?

Mleta mada

Shukrani sana ndugu wa Mombasa. Swali lako ndilo swali, na sitalizunguka.

Mwaka 1986 jopo la Mahakama ya Kimataifa liliamua mpaka wa Burkina Faso na Mali. Lilisema kanuni iitwayo kwa Kilatini uti possidetis, iliyoanzia Amerika ya Kusini, ni kanuni ya jumla: siku ya uhuru ramani inaganda ilivyo. Aliyeongoza jopo lile ni Mohammed Bedjaoui wa Algeria, bingwa wa kudai sheria mpya kwa nchi mpya. Miongoni mwa majaji alikuwa Georges Abi-Saab wa Misri, aliyeteuliwa na Mali. Hawa si watu wa kuambiwa hawaujui ukoloni. Waliona vita mbele yao, na nchi hizo mbili zilikuwa zimepigana Desemba 1985 kesi ikiwa mahakamani.

Lakini mwaka 2013, katika kesi ya Burkina Faso na Niger, Jaji Abdulqawi Yusuf, Msomali, aliandika maoni yake binafsi ambayo nadhani ndiyo hatua muhimu zaidi ya mjadala huu kwa miaka ya karibuni. Alisema azimio la Cairo na uti possidetis ni vitu viwili tofauti na Mahakama ilivichanganya. Uti possidetis inageuza mistari ya mkoloni kuwa hati miliki. Cairo ilisema tu: tuiheshimu mipaka iliyopo, tusiibadilishe kwa nguvu, na penye ubishi tuzungumze. Ukisoma hivyo, azimio halisemi mpaka ni wa haki. Linasema bunduki si njia ya kuurekebisha.

Nyerere naye nadhani alikuwa hapo. Hakuwahi kuisifu mistari ile, na aliipinga migawanyiko ya Afrika kwa maneno mengi. Dawa yake ilikuwa kuufanya mpaka upungue maana kwa njia ya muungano na shirikisho. Na balozi wa Kenya Martin Kimani alipoongea Baraza la Usalama usiku wa tarehe 21 Februari 2022, Urusi ikikaribia kuivamia Ukraine, alisimama juu ya msingi huohuo: mipaka yetu hatukuichora, kuvuka kila mstari kuna ndugu zetu, lakini tulichagua kutazama mbele kuliko kumwaga damu kwa ajili ya kudai waliopotea. Hotuba ile ilisikilizwa dunia nzima. Hiyo ni nadharia ya sheria, na imetoka kwetu.

Kuhusu Mwambao, sina cha kukupinga. Mtu hakuulizwa, na hilo ni kosa ambalo hoja ya amani hailifuti.

Mtoto wa Kyela

Mleta mada umeruka kwetu. Ziwa Nyasa je? Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliweka mpaka ufukweni upande wa Tanganyika, maji yote yakawa ya upande wa pili. Serikali yetu tangu 1967 inasema mpaka upite katikati. Malawi inachukua azimio la Cairo, azimio tulilolisukuma sisi, inatunyooshea. Msumbiji ng'ambo ya pili wana mstari wa katikati kwa sababu Ureno na Uingereza walikubaliana hivyo mwaka 1954. Mvuvi wa Matema akitia mtumbwi majini anaambiwa ameingia nchi ya watu. Hebu tumia kipimo chako hapa.

Mleta mada

Kaka wa Kyela, sikuruka, niliogopa uzi kuwa mrefu. Hapa Tanzania ina kazi ngumu na ni vizuri tuseme wazi. Kama tunasimama na uti possidetis, mstari wa 1890 unatuumiza. Kama tunasimama na usomaji wa Jaji Yusuf, tuna nafasi: mpaka unaheshimiwa, haubadilishwi kwa nguvu, lakini mazungumzo hayajafungwa. Na mkataba wenyewe wa 1890, ibara ya 6, uliruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Hoja ya mvuvi wa Matema na mama anayechota maji Mbamba Bay inakaa ndani ya ibara hiyo bila kulikana azimio la Cairo. Ningekuwa mwanasheria wa serikali ningeanzia hapo, nisingeanza kwa kusema mikataba ya wakoloni haituhusu, maana Malawi watauliza mbona mpaka wetu na Kenya tunautambua.

Malawi ilipotoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani mwaka 2011 joto lilipanda sana. Pande zote mbili zilikubali usuluhishi wa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano. Haujazaa mpaka mpya, lakini hakuna aliyezikwa. Kwa kipimo changu hilo si dogo.

Wakili Mchanga

Nakubali sehemu kubwa, hasa ibara ya 13, nitaisoma upya. Ila niongeze kitu ambacho uzi huu usipokitaja utakuwa wa zamani tu. Mikataba inayoibana Tanzania leo si ya 1890 wala 1929. Ni ya kulinda wawekezaji, na tulitia saini wenyewe tukiwa huru. Kampuni za mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, zilitushtaki kwa mkataba wetu na Uingereza wa 1994 baada ya leseni zao kufutwa kufuatia mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017. Julai 2023 baraza la usuluhishi likatuamuru kulipa zaidi ya dola milioni 100, na mwaka uliofuata tukamalizana nao kwa dola milioni 90. Mkataba wetu na Uholanzi tuliusitisha kuanzia tarehe 1 Aprili 2019, lakini una kifungu cha kuwalinda walioingia kabla yake kwa miaka mingine 15. Wasomi wa TWAIL, akiwamo James Gathii wa Kenya, wameandika sana juu ya uchumi wa namna hii. Nyerere angesema nini hapa, wakati saini ni yetu?

Mleta mada

Wakili, hoja ya "tuliwekewa saini na mtu mwingine" hapa haipo, kwa hiyo nusu ya kwanza ya Nyerere haitusaidii. Kilichobaki ni ile tabia ya ukaguzi. Mwaka 1961 serikali yenye wanasheria wachache mno iliorodhesha mikataba yake, ikaweka tarehe ya mwisho, ikamwandikia kila mhusika. Tulichofanya 2017 ni kubadilisha sheria za ndani kwanza kisha kukutana na mikataba mahakamani. Mpangilio ulikuwa kinyume. Kama tungeanza na mikataba, tukaitoa au kuijadili upya mmoja mmoja na muda wa ulinzi ukaanza kuhesabika mapema, baadhi ya kesi hizi zingekuwa na sura nyingine. Mkataba wa Uingereza wa 1994 ningeupeleka mezani kwanza, kisha ningemwomba Bunge liwe linaletewa orodha nzima ya mikataba ya uwekezaji pamoja na tarehe ambazo kila mmoja unaweza kusitishwa. Mwenye orodha hiyo, au anayejua iko ofisi gani, aiweke hapa tuipitie kifungu kwa kifungu.